Maneno ya Chomboni na Maneno ya Nchi Kavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaosafiri kwa Tanga kwa Burudani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu ambao bahari si kazi yao bali mapumziko yao: mwalimu anayekodi mashua Jumamosi kwenda kisiwa cha Mbudya, familia inayopanda jahazi Shela kutazama jua likichwa, kijana aliyenunua ngalawa kuukuu akaitengeneza upya. Wengi wao wamekisema Kiswahili tangu utotoni, lakini wakiingia chomboni huwakuta nahodha na mabaharia wake wakitumia maneno ambayo darasani hayakufundishwa, na baadhi yake ni maneno wanayoyajua kwa maana nyingine kabisa.

Kwa nini nijifunze maneno ya chomboni ilhali Kiswahili changu cha kila siku kinaeleweka na kila mtu?

Kwa sababu kinaeleweka kwa namna zaidi ya moja, na hilo ni hatari chomboni. Nilijifunza jambo hili miaka kadhaa iliyopita tulipokuwa tukirudi kutoka kisiwa cha Bongoyo kwa mashua ya kukodi. Upepo wa alasiri ulikuwa umeongezeka, chombo kikaanza kulala upande, nami niliyeshika kana, yaani mkono wa usukani, nikapaza sauti: "Legeza kamba!" Rafiki yangu aliyeketi karibu na mlingoti aliiona kamba mbele yake, akailegeza. Mimi nilikusudia demani, kamba inayoishika pembe ya nyuma ya tanga. Yeye alilegeza jarari, kamba inayoishikilia juu foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga. Foromali ile, iliyokaribia urefu wa mashua yenyewe, ilishuka kwa kishindo pamoja na tanga lote, ikapita shubiri moja tu kutoka kwenye bega la mtoto wa miaka tisa, ikavunja chupa ya chai na kupasua ukingo wa chombo. Mtoto yule hakulia. Alibaki ameushika mkono wa mama yake huku tanga limemfunika miguu.

Rafiki yangu hakukosea hata kidogo. Aliambiwa alegeze kamba, akalegeza kamba. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetumia neno la nchi kavu mahali penye kamba tano, na tangu siku ile siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba istilahi za baharini ni mapambo ya watu wanaotaka kuonekana wajuzi.

Basi ni maneno mangapi ninayopaswa kuyajua kabla ya kung'oa nanga?

Kwa safari ya siku moja ndani ya miamba, kwa maoni yangu yanatosha kumi na saba: omo, tezi, joshi, demani, mlingoti, foromali, tanga, jarari, usukani, kana, nanga, amari (kamba ya nanga) na ngama (chini kabisa ya chombo, maji yanapokusanyika), kisha vitenzi vinne, yaani kutweka (kupandisha tanga), kutua (kuliteremsha), kubisha (kupanda kunako upepo) na kupindua (kugeuza chombo). Kipimo changu ni chepesi: ikiwa mtu akilielewa neno vibaya mwingine anaweza kuumia, au chombo kinaweza kupanda mwamba, basi neno hilo ni la lazima. Maneno kama mkuku, taruma, kalafati na deheni ni mazuri, na anayekwenda Nungwi kuwatazama mafundi wakiunda vyombo atayafurahia sana, lakini asiyeyajua anaweza kusafiri salama.

Kwa nini tusiseme "mbele" na "nyuma" tu?

Kwa sababu lazima mtu aulize ni mbele ya nani. Aliyeshika kana anatazama omo, anayekumba maji ameinamia ngama, na anayezungumza naye pengine ameipa omo kisogo. "Mbele" hufuata uso wa mtu, lakini omo hufuata chombo, hata ikiwa watu wote wamegeuka kutazama pomboo. Omo ni sehemu ya mbele inayokata maji. Tezi, ambayo wengine huiita shetri, ni sehemu ya nyuma ulipofungwa usukani.

Hapa ndipo wanaoanza hushangaa, kwa kuwa nchi kavu neno tezi ni la hospitali. Ukiambiwa "kaa tezini" unaambiwa ukae nyuma ya chombo, basi. Hata ile methali isemayo "tezi na omo, marejeo ni ngamani" huwa nyepesi kuielewa mtu akishakaa chomboni siku yenye mawimbi, akaona kwamba maji yanayoingilia omo na yanayoingilia tezi yote huteremkia mahali pamoja, na hapo ndipo hukaa mwenye upo, chombo cha kutekea maji, akiyakumba.

Na kulia na kushoto je?

Maneno hayo ya kila siku yanatosha, mradi mkubaliane tangu pwani kwamba ni kulia na kushoto kwa chombo, kwa mtu aliyesimama akitazama omo. Waingereza walikuwa na jozi yao, starboard kwa kulia na larboard kwa kushoto, ambayo ilifanana mno kwa sauti, kiasi kwamba amri iliyopigwa kwenye upepo mkali iliweza kusikika kinyume chake. Mwaka 1844 jeshi lao la majini liliagiza larboard liachwe na mahali pake pachukuliwe na port, na jeshi la majini la Marekani likafanya hivyo mwaka 1846. Kwa hiyo hata wenye istilahi nyingi walilazimika kuzibadili zilipoanza kuwahatarisha watu. Sisi tunao "kulia" na "kushoto", maneno yasiyofanana isipokuwa kwa silabi ya mwanzo, "ku-", na ninashauri tuyatamke kwa ukamilifu bila kuyameza.

Usiku, taa nyekundu huwa kushoto kwa chombo, ya kijani kulia na nyeupe tezini. Ukiiona nyekundu na kijani kwa pamoja, fahamu kwamba omo ya chombo hicho inakuelekea wewe.

Joshi na demani ni nini hasa, na kwa nini nahodha huyarudia kila dakika?

Joshi, ambalo wengine hulitamka goshi, ni upande wa chombo unaoupokea upepo kwanza. Demani ni upande wa pili, ambako upepo hutokea ukishapita chomboni, ambako tanga hutuna na chombo hulalia. Maneno haya hutumika pia kwa tanga lenyewe: pembe ya chini iliyo mbele ni ya joshi, na kamba inayoishika pembe ya nyuma huitwa demani. Kwa hiyo nahodha akisema "kaza demani" anataja kamba, na akisema "hamia upande wa demani" anataja mahali. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha maana.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba pande hizi huhama. Kulia kwa chombo hubaki kulia mpaka chombo kivunjwe, lakini chombo kikipindua, kilichokuwa joshi kinakuwa demani papo hapo. Ndiyo maana nahodha hachoki kuyataja. Upepo ukizidi, watu na farumi, yaani mifuko ya mchanga inayowekwa chini kutuliza chombo, huhamishiwa joshini ili chombo kisilale mno. Atakayehamia upande usio wake anaongeza uzito pale ambapo chombo kimekwisha kuinama. Maji machafu humwagwa upande wa demani, na mtu anayesikia kichefuchefu hupelekwa demani pia, taratibu, akiwa ameshikwa kiuno.

Jambo la pili ni la sheria. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaeleza namna vyombo viwili vya tanga vinavyopishana, na zinazungumza kwa lugha hii hii. Ikiwa vyombo vinapokea upepo kwa pande tofauti, kile kinachoupokea kwa upande wa kushoto ndicho kinachompisha mwenzake. Ikiwa vyote vinaupokea kwa upande mmoja, kilicho joshini humpisha kilicho demanini. Mtu asiyejua joshi ya chombo chake iko wapi hawezi kuitii kanuni hii, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Na kwa wale wanaobabaika, kanuni zenyewe zinatoa alama ya kutazama: joshi ni upande ulio kinyume na ule lililotandaa tanga kuu.

Nahodha alisema "tunabisha" nikadhani kuna ugomvi. Alimaanisha nini?

Alimaanisha kwamba mnakwenda kunako upepo kwa kukata maji upande huu, kisha upande ule. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuelekea moja kwa moja upepo unakotoka, kwa hiyo hupanda kwa mshazari, na safari ya namna hiyo huitwa mbisho. Nchi kavu kubisha ni kupinga maneno ya mwenzako, au kugonga mlango. Chomboni ni kupambana na upepo, na ukitafakari utaona kwamba maana hizi ni za ukoo mmoja.

Abiria hufaa kuelezwa gharama ya mbisho mapema ili wasidhani wamepotezwa njia. Chombo kinachoweza kwenda nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka kitasafiri maili mbili ili kusogea maili moja tu. Kile cha nyuzi 45, ambazo boti nyingi za kisasa za mashindano huzifikia na kuzipita, kitasafiri maili moja na zaidi kidogo ya theluthi. Kwa hiyo kisiwa kinachoonekana karibu wakati wa kwenda, upepo ukiwa tezini, kinaweza kuwa mbali sana wakati wa kurudi.

Kupindua na kupinduka vina tofauti gani?

Tofauti ya uhai. Nahodha anapopindua anaugeuza mwelekeo wa chombo ili upepo uingie kwa upande wa pili. Chombo kinapopinduka, kimelala majini na watu wamo majini. Nimewahi kumwona mama mmoja akimkumbatia mjukuu wake na kuanza kusoma dua kwa sababu tu baharia alisema kwa sauti, "Haya, tunapindua!" Maskini, masikio yake yalisikia lile neno jingine. Unapokuwa na wageni, sema "tunapindua tanga" au "tunageuza chombo", nawe umewaondolea hofu bila kupoteza maana.

Kuna namna mbili za kupindua. Kupindua kwa goshini ni kuipitisha omo kwenye upepo. Kupindua kwa damalini ni kuipitisha tezi. Chombo chenye tanga la pembe tatu na foromali ndefu, kama jahazi, aghalabu hupinduliwa kwa damalini, kwa kuwa foromali inapaswa kuzungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na kazi hiyo haifai kufanywa huku tanga likipigapiga usoni pa upepo. Anayetoka kwenye boti za kisasa, ambako kupindua kwa goshini ndiyo kawaida, na akapewa kana ya jahazi, anahitaji kuambiwa hili kabla hajajaribu.

Kusema "matanga" si kuzungumzia msiba?

Nchi kavu ni msiba. Baharini ni wingi wa tanga, na upepo wa "matanga kati" ni ule unaokipiga chombo ubavuni, ambao kwa vyombo vyetu ni mtamu kuliko wote.

Kwa nini kila kamba ina jina lake?

Kwa sababu kila moja ina matokeo yake, kama nilivyokwisha kusimulia. Henza ni kamba nene inayoinyanyua foromali. Jarari ni kamba inayopita kwenye makapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, na kuivuta henza, na ndiyo mikono ya mabaharia huishika wanapotweka au kutua tanga. Demani huliongoza tanga. Amari ni kamba ya nanga. Ujari, kwa vyombo vinavyoutumia, ni kamba ya kuuvutia usukani. Neno "kamba" peke yake hubaki kwa kipande ambacho hakijapewa kazi.

Vivyo hivyo kuna kutweka na kupandisha. Ukisema "pandisha tanga" utaeleweka, wala sioni sababu ya kumsahihisha mtu kwa hilo. Lakini kutua ni muhimu zaidi: "tua tanga!" ni amri ya dharura, fupi, isiyofanana na amri nyingine yoyote, na kila aliye chomboni anapaswa kuijua hata kama ni safari yake ya kwanza.

Je, ni kosa kuita kila kitu "boti"?

Bandarini Dar es Salaam au Unguja, ukisema boti watu wengi wataelewa chombo cha injini, hasa kile kiendacho kasi kinachovusha abiria. Chombo ndilo neno pana linalofaa vyote. Ngalawa ni mtumbwi wenye mbao mbili zinazoelea pande zote mbili kuuzuia usipinduke. Mashua imeundwa kwa mbao na tezi yake imekatwa wima. Jahazi ni kubwa zaidi na hubeba shehena. Ukipiga simu kuomba msaada ukasema "boti yetu imekwama", waokoaji watatafuta injini na rangi nyeupe, na wanaweza kuupita mlingoti wenu bila kugeuka.

Kasia na kafi pia si kitu kimoja. Kasia hupitishwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba, au kufungwa ukingoni na huvutwa na mtu anayetazama tezi. Kafi hushikwa kwa mikono mitupu na anayeipiga hutazama omo. Pondo ni mti mrefu wa kusukumia chini kwenye maji haba.

Kaskazi ni upepo au ni upande wa dunia?

Kaskazi ni upepo. Kaskazini ni upande. Pepo za kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi zikitokea kaskazini mashariki, na pepo za kusi huanza karibu Aprili zikaendelea hadi Septemba, zikitokea kusini. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliteremka kuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi, na majina ya pande zetu za dunia yamebaki ya pepo hizo.

Mkanganyiko hutokea mtu anaposema "upepo wa kaskazi" na mwenzake akaelewa upepo unaoelekea kaskazini. Upepo huitwa kwa unakotoka, lakini mkondo wa maji huitwa kwa unakokwenda. Mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hushika kasi zaidi kwa kuwa upepo unausukuma nyuma; anayetoka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wakati huo akaelekea kaskazini hufika upesi, na kurudi kwake ni mbisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya chakula cha mchana.

Demani, mbali na kuwa kamba na upande, ni pia jina la majira ya upepo mwanana yanayofuata kusi, takriban Septemba hadi Novemba. Kwa msafiri wa burudani hayo ndiyo majira bora ya mwaka. Kipindi cha pepo zinazogeukageuka kati ya majira makuu huitwa tanga mbili au maleleji.

Ninaposikia "bamvua" na "maji mafu", nifanye nini?

Utazame mwezi, kisha kina cha maji. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mlango kati ya Unguja na bara tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo inaweza kupita mita 3. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, ambapo tofauti huwa ndogo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50.

Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa, na kutoka hapo tumepata kupwelewa: kuachwa na maji mpaka chombo kikakaa juu ya mchanga au mwamba. Nchi kavu tunasema mtu amepwelewa anapokwama kimaisha, amekosa la kufanya. Aliyewahi kukaa saa tano mbele ya Jambiani ndani ya ngalawa iliyolala ubavu, akiitazama bahari imekimbilia nje ya mwamba huku maji ya kunywa yamekwisha, hahitaji kuelezwa kwa nini neno hilo lilipata maana hiyo.

Jihadhari pia na fungu. Sokoni ni sehemu ya kitu kilichogawanywa, fungu la nyanya au la dagaa. Baharini ni mchanga uliojitokeza au uliojificha chini kidogo ya maji. Jina la Fungu Yasini, jirani na Mbudya, ni onyo lililoandikwa ramanini. Kipwa ni mwamba unaoonekana maji yakipwa. Kinyume chake ni kilindi, maji marefu, na ndiyo asili ya jina la Kilindini, Mombasa, ambako meli kubwa huingia.

Tulipanga kuondoka "saa nne" na wenzetu hawakufika. Saa nne ya nani?

Hili linaharibu safari nyingi kuliko upepo. Kwa Mswahili, saa nne asubuhi ni saa inayoandikwa 10:00. Jedwali la maji kujaa na kupwa, utabiri wa kimataifa na saa ya simu vyote huhesabu kuanzia usiku wa manane, na baadhi ya majedwali hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Mtu akisoma 04:00 kwenye jedwali la namna hiyo, kwetu ni 07:00, yaani saa moja asubuhi, na akiisoma kama saa nne, atafika bandarini maji yamekwisha kupwa. Andikeni saa za kuondoka kwa tarakimu, na mkizitamka, mzitamke kwa hesabu zote mbili.

Pima, maili na noti: je, si bora kutumia mita na kilomita?

Mita ni bora kwa kina, nami huitumia. Lakini manahodha wengi bado huhesabu kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao kwa kipimo cha kimataifa ni mita 1.83, kwa hiyo pima kumi ni mita 18 na zaidi kidogo. Unapotia nanga kwa kamba, toa amari yenye urefu wa angalau mara tano ya kina, ukihesabu kina kitakachokuwepo maji yakijaa, na hakikisha wewe na mwenye kutupa nanga mnahesabu kwa kipimo kimoja.

Maili ya baharini ni mita 1,852, ilhali ile ya nchi kavu ni mita 1,609. Noti ni maili moja ya baharini kwa saa. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja upepo kwa kilomita kwa saa: ukisikia kilomita 40 kwa saa, ujue ni karibu noti 22, na kwa ngalawa ya burudani hiyo ni siku ya kubaki nyumbani.

Kwenye redio nizungumze Kiingereza au Kiswahili?

Neno la dharura halitafsiriwi. Kwenye chaneli 16 sema "Mayday" mara tatu, neno ambalo asili yake ni Kifaransa kwa maana ya "nisaidie", kisha jina la chombo, mahali mlipo, lililowapata na idadi ya watu. Meli za kigeni zinazopita hutumia misemo ya Kiingereza iliyopitishwa kimataifa mwaka 2001, kwa hiyo anayeweza, aseme kwa Kiingereza chepesi, kisha arudie kwa Kiswahili. Asiyekiweza, aseme kwa Kiswahili bila kusita. Kwenye maji yetu chombo kilicho karibu zaidi mara nyingi ni cha mvuvi, na mvuvi atakuja.

Je, ni kweli kwamba tayari tunatumia maneno ya baharini bila kujua?

Kila siku. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, sasa anavaa kitambaa mkononi uwanjani. Rubani alikuwa mjuzi wa kuingiza vyombo bandarini kabla hajarusha ndege. Abiria ni aliyeabiri chombo, hata leo akiwa kwenye daladala. Tunaegesha magari kama tulivyoegesha mashua. Dira, chombo cha kuonyesha pande za dunia, imekuwa mpango wa taifa zima. Na mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, ilhali mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Anayesema "manahodha wengi, chombo huenda mrama" anataja jambo ambalo mabaharia waliliona kwa macho.

Nalieleza hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba istilahi za tanga ni mali ya Kiingereza, na kwamba anayejifunza kwenye klabu lazima aziache za kwao mlangoni. Jifunze zote mbili, maana vitabu na mashindano vitakudai za Kiingereza. Lakini tanga la pembe tatu, foromali na kupindua kwa damalini vina majina yake hapa, yamepimwa kwa kazi ya mamia ya miaka, na inauma kumsikia kijana wa Pangani akitafuta jina la kigeni la kamba ambayo babu yake aliita demani.

Nizungumze vipi na wageni wasiojua neno hata moja?

Kwa maneno yao. Mgeni haambiwi "hamia joshini". Anaambiwa "mama, tafadhali njoo ukae hapa, upande huu uliopanda juu", huku ukimwonyesha kwa mkono. Maneno ya chomboni ni ya wanaoshika kamba. Kuyamwaga juu ya abiria aliyeogopa hakumsaidii, na kumsahihisha aliyesema "nyuma" badala ya tezi wakati hana kazi yoyote ya kufanya ni kumvunjia heshima bure.

Nahodha wa Lamu na nahodha wa Unguja wameniambia majina tofauti ya kitu kimoja. Nimfuate yupi?

Yule mliye kwenye chombo chake. Lahaja hutofautiana, matamshi hutofautiana, na goshi ya mmoja ni joshi ya mwingine. Siku hizi, kabla ya kung'oa nanga, huwa nazunguka chombo na wenzangu wote, watoto wakiwemo. Kila mtu hushika kila kamba kwa mkono wake na kuitaja kwa jina ambalo nahodha wa siku hiyo analitumia. Huchukua dakika tano. Mtoto yule wa Bongoyo sasa ni kijana, na yeye ndiye anayeanza kila mara, mkono wake ukiwa juu ya jarari.